Moyo Unapokosa Potasiamu

Fundi ujenzi mmoja wa Massachusetts, Marekani, mwenye umri wa miaka 54, alikuwa ndani ya mgahawa alipotweta ghafla, akatetemeka mwili mzima, kisha akaanguka na kupoteza fahamu. Wahudumu wa dharura walikuta moyo wake haupigi tena. Ulikuwa unatikisika ovyo bila kusukuma damu. Waliushtua kwa umeme, mapigo yakarudi, wakamkimbiza hospitali. Huko alifariki. Madaktari wa Boston waliochapisha kisa chake Septemba 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine walikuta potasiamu katika damu yake imeshuka vibaya, na walipowahoji watu wake likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: pipi. Marehemu alikuwa anakula mfuko mmoja hadi miwili ya pipi laini kila siku, na wiki tatu kabla ya kuanguka alikuwa ameziacha zile nyekundu zenye ladha ya matunda na kuhamia zile nyeusi zinazotengenezwa kwa mzizi wa likorisi.

Mzizi huo una kemikali iitwayo glisirizini. Ikiingia mwilini kwa wingi, figo huhadaika na kufanya kazi kana kwamba homoni ya aldosteroni imefurika: huishika sodiamu na kuimwaga potasiamu kwenye mkojo. Presha inapanda, potasiamu inashuka, na anayebeba mzigo ni moyo.

Habari hiyo ilisambaa dunia nzima kwa ajili ya maajabu yake, na hapo ndipo penye hatari ya kuielewa vibaya. Msikilizaji wa Tandale, Kisumu au Bujumbura anaweza kusikia, akatikisa kichwa, akasema hayo ni ya Wamarekani na pipi zao. Kumbe njia zinazowapotezea watu wengi potasiamu hazina maajabu yoyote. Ni kidonge cha presha kinachomezwa kila asubuhi kwa miaka bila damu kupimwa. Ni kuhara kwa siku tatu mfululizo. Ni mjamzito anayetapika mpaka hata maji hayakai tumboni. Mambo haya yamezoeleka mno, na kwa sababu yamezoeleka hakuna anayeuliza moyo una hali gani.

Potasiamu ni madini, ndugu wa sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyeitenga kwa mara ya kwanza, mwaka 1807, kwa kupitisha umeme kwenye kemikali iliyotokana na majivu ya mimea. Mkulima wa Kagera au Kilimanjaro anayemwaga majivu ya jikoni kwenye shina la mgomba anairudishia ardhi madini hayohayo, hata kama hajawahi kusikia jina la Davy. Mgomba unayafyonza, ndizi inayabeba, mlaji anayapata.

Mwilini madini haya yana tabia ya kujificha. Karibu asilimia 98 yamo ndani ya seli, hasa za misuli, na asilimia 2 tu ndiyo iliyo nje. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, ilhali ndani ya seli ni takriban 140 hadi 150. Chini ya 3.5 madaktari husema potasiamu imepungua. Chini ya 2.5 ni dharura. Nafasi hiyo ni finyu kweli. Potasiamu ikipungua kwa nusu, mtu anaweza asifike zahanati.

Tofauti hiyo kubwa kati ya ndani na nje ya seli hulindwa na pampu ndogo zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Kila mzunguko, pampu moja hutoa chembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama mpaka kaburini. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, kwa kutumia neva zilizotolewa kwenye miguu ya kaa wa ufukweni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1957. Tuzo ya Nobel ya kemia ilimfikia 1997, akiwa na umri wa miaka 79. Miaka 40 ni muda mrefu wa kusubiri pongezi, lakini kaa wa Skou ndio waliofungua njia ya kueleza kwa nini dawa kadhaa za moyo zinafanya kazi, na kwa nini nyingine zinaua.

Kabla yake, katika miaka ya 1880 jijini London, daktari Sydney Ringer alikuwa anaichunguza mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini na kulishwa maji yenye chumvi. Ilitokea kwamba mioyo ilipiga vizuri maji yalipotoka bombani, ikakoma yalipotumika maji yaliyochujwa kwa kuchemshwa. Ringer akafuatilia, akagundua kwamba sodiamu peke yake haitoshi: moyo unataka kalsiamu ili ujikaze, na unataka potasiamu kidogo ili usizidishe. Dripu ya Ringer inayotundikwa leo kwenye wodi zetu ina milimoli 4 za potasiamu katika kila lita, kiasi kilekile ambacho damu ya mtu mzima inakihitaji. Muuguzi anapotamka jina hilo saa nane za usiku, anamtaja mtu wa vyura.

Sasa tuingie kwenye mdundo wenyewe. Kila pigo la moyo huanza kwa umeme. Sodiamu huingia ndani ya seli, kalsiamu ikafuata, msuli ukajikaza. Ili seli itulie na kujiandaa kwa pigo linalofuata, ni lazima potasiamu itoke kupitia milango yake maalumu. Ajabu ni kwamba baadhi ya milango hiyo huhitaji potasiamu iliyo nje ya seli ili ifunguke sawasawa. Ya nje ikipungua, milango inakuwa mizito kufunguka na seli inachelewa kutulia. Wakati huohuo pampu ya Skou inapunguza kasi, kalsiamu inarundikana ndani, na seli mojamoja zinaanza kufyatuka kabla ya zamu yao. Ni kama ngoma ambayo mpigaji mmoja anaingia kabla wenzake hawajamaliza: akiingia peke yake ngoma inayumba kidogo na kurejea, wakiingia wengi wachezaji wote wanapotea. Mgonjwa husema moyo umeruka, au umesita, au umepiga kishindo kimoja kikubwa kifuani. Wengine hawasikii lolote mpaka wazimie.

Mabadiliko hayo huonekana kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile yenye miraba midogo ya rangi ya waridi inayotoka kwenye mashine kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Nobel mwaka 1924, ndiye aliyeyapa mawimbi yake herufi: P, Q, R, S, T. Kwenye moyo wenye potasiamu ya kutosha, T ni kilima cha mviringo kinachoonekana bila taabu. Potasiamu ikishuka, kilima hicho kinabapa. Mstari ulio kabla yake unazama kidogo, na nyuma yake kinachipuka kilima kingine kiitwacho U. Ikizidi kushuka, U inakua hadi kuipita T, vilima viwili vinaungana, na mtu asiye makini anaweza kudhani anaona T kubwa yenye afya. Mhudumu mwenye macho anaweza kuitambua hali hiyo hata kabla majibu ya maabara hayajarudi. Hata hivyo wapo wagonjwa ambao potasiamu imeshuka sana na karatasi yao ikaonekana karibu ya kawaida, kwa hiyo ECG nzuri haimtoi mtu hatarini.

Mwaka 1966 Mfaransa François Dessertenne alieleza aina ya mdundo hatari ambao katika ECG huonekana kama utepe unaojisokota kuzunguka mstari wa katikati. Aliuita torsades de pointes, na jina hilo la Kifaransa limebaki hospitalini kote duniani. Mdundo huo huja pale seli za moyo zinapochelewa mno kutulia. Unaweza kukoma wenyewe na mgonjwa akaamka na kuuliza kilichotokea, au unaweza kugeuka mtikisiko usiosukuma damu. Potasiamu ndogo huutengenezea njia, na zipo dawa zinazousukuma: kwinini, baadhi ya antibayotiki kama erithromaisini na azithromaisini, dawa ya fangasi flukonazoli, dawa kadhaa za magonjwa ya akili. Aprili 2020, wakati watu walipokuwa wanaikimbilia hidroksiklorokwini kwa ajili ya Covid-19, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hasa kwa sababu ya mdundo wa moyo. Mgonjwa mwenye potasiamu ya kutosha aghalabu huvuka salama na dawa moja ya aina hiyo. Aliyehara wiki nzima kisha akapewa mbili kwa pamoja, kutoka madirisha mawili tofauti, huyo yuko pabaya.

Twende kliniki ya presha. Mama wa miaka 60 amewekwa kwenye hidroklorothiazaidi, kidonge kidogo cha bei nafuu kinachofanya figo zimwage chumvi na maji. Ni dawa nzuri. Imeokoa watu wengi na kiharusi, na kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika hushusha presha vizuri. Ila ikimwaga chumvi huondoka na potasiamu pia, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo inavyoondoka zaidi. Mama anaanza kuhisi miguu mizito akipanda ngazi. Usiku misuli ya mashavu ya miguu inakaza. Choo kinakuwa kigumu. Anaambiwa ni umri, au anajiambia mwenyewe. Kila mwezi presha inapimwa na kuandikwa kwenye kadi, imeshuka, kila mtu amefurahi. Safu ya damu kwenye kadi hiyohiyo iko wazi.

Hali ni nzito zaidi kwa mwenye moyo uliochoka. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kilichoongoza, kwa karibu asilimia 45, kilikuwa presha. Hawa si wazee wa kusubiri siku zao, ni watu wenye watoto shuleni. Mgonjwa wa aina hii miguu inavimba, pumzi inakatika akilala chali, na anapewa furosemaidi, wengi wakiijua kwa jina la Lasix. Inamtoa maji, anapumua, analala. Ni dawa ambayo hakuna daktari wa moyo anayeweza kufanya kazi bila hiyo. Lakini nayo huondoa potasiamu kwa wingi, na mara nyingi mgonjwa huyohuyo anapewa pia digoksini, dawa yenye asili ya mmea ambao Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. Digoksini hufanya kazi kwa kuizuia ile pampu ya kaa wa Skou, na kwenye pampu hugombania nafasi na potasiamu. Potasiamu ikiwa chache, digoksini inashika nafasi nyingi zaidi. Dozi ambayo jana ilikuwa tiba, leo ni sumu, na kidonge ni kilekile. Kichefuchefu, kuona rangi ya manjano na moyo kurukaruka kwa mtu anayemeza dawa hizi mbili si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kwa bahati nzuri ipo dawa ya kukojoza inayoishika potasiamu badala ya kuimwaga. Inaitwa spironolaktoni, na mwaka 1999 utafiti wa RALES ulionyesha kwamba kuiongeza kwenye tiba ya wagonjwa wenye moyo uliochoka sana kulipunguza vifo kwa asilimia 30. Enalaprili na losatani nazo huelekea upande huohuo wa kuibakiza. Ndiyo maana mchanganyiko wa dawa una maana, na ndiyo maana mgonjwa anayeacha kidonge kimoja na kuendelea na kingine kwa sababu hela haikutosha anabadilisha zaidi ya presha yake.

Tumbo nalo ni mlango mpana. Choo cha kipindupindu kinaondoka na potasiamu pamoja na maji. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamimina wakimbizi India, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa glukosi, chumvi na bikaboneti. Vifo miongoni mwa wagonjwa vilikuwa karibu asilimia 30. Vikashuka chini ya asilimia 4. Mchanganyiko ule wa haraka haukuwa na potasiamu. Pakiti ya ORS inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 inayo: gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja, yaani milimoli 20. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pakiti ya zahanati na maji ya sukari na chumvi yanayokorogwa nyumbani. Ya nyumbani yanarudisha maji, na ni heri kuliko kukosa kabisa, lakini potasiamu inabidi itoke kwingine. Watu wa pwani wanayo madafu, yenye miligramu 200 hadi 250 katika kila mililita 100. Sodiamu ya dafu ni ndogo mno kwa mtu anayehara, kwa hiyo dafu lisaidie ORS, lisichukue nafasi yake.

Watoto wenye utapiamlo mkali wana hesabu yao peke yao. Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko daktari Hugh Trowell na wenzake Davies na Dean walikofanya kazi iliyozaa kitabu chao Kwashiorkor, kilichotoka mwaka 1954. Mwili wa mtoto wa namna hii umepoteza potasiamu kutoka ndani ya seli na wakati huohuo umejaa sodiamu kupita kiasi. Ukimpa ORS ya kawaida unamwongezea asichokihitaji. Kwa hiyo wodi za lishe hutumia kinywaji kiitwacho ReSoMal, chenye milimoli 40 za potasiamu na 45 za sodiamu kwa lita, wakati ORS ya kawaida ina 20 na 75. Mzazi anayeona muuguzi amekataa kutumia pakiti iliyozoeleka asidhani amenyimwa.

Yapo na mambo ya hiari. Huko Invercargill, New Zealand, mwanamke wa miaka 30 alifariki mwaka 2010 baada ya miaka ya kunywa soda ya kola hadi lita 10 kwa siku. Mwaka 2013 ofisa mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kifo kilitokana na mdundo wa moyo kuvurugika, na kwamba bila soda ile asingekufa wakati ule na kwa namna ile. Kampuni ya soda hiyo ilipinga, ikisema wataalamu hawakukubaliana. Karibu na nyumbani zaidi kuna udongo wa kula, ule unaouzwa kwa vipande sokoni na kupendwa na wajawazito, Nairobi wakiuita odowa. Madaktari wamewahi kuripoti wagonjwa walioishiwa nguvu za misuli kwa sababu udongo walioula kwa wingi uliishika potasiamu tumboni na kutoka nayo. Anayetapika kutwa na kula udongo jioni anapoteza kwa milango miwili.

Lakini namba ya potasiamu nayo ina ujanja wake. Alfajiri ya 25 Februari 1990, Terri Schiavo, mwanamke wa miaka 26 wa St. Petersburg, Florida, alianguka nyumbani kwake moyo ukiwa umesimama. Moyo ulirudi, ubongo haukurudi, na kesi juu ya kuondolewa kwa mrija wa chakula ilikuja kuigawa Marekani mpaka kifo chake tarehe 31 Machi 2005. Damu iliyochukuliwa siku aliyoanguka ilikuwa na potasiamu ya milimoli 2.0. Kwa miaka watu walisimulia kwamba alikuwa anajitapisha ili akonde, na kwamba potasiamu ndiyo iliyousimamisha moyo. Mtaalamu aliyeupasua mwili wake mwaka 2005 hakukubali kirahisi hivyo. Damu ile ilichukuliwa baada ya dripu na dawa za kuufufua moyo, ikiwemo adrenalini, ambayo yenyewe husukuma potasiamu kuingia ndani ya seli. Namba ilikuwa kweli. Kwamba ilitangulia kuanguka hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Insulini na salbutamoli ya wagonjwa wa pumu nazo huisukuma potasiamu kwa njia hiyo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hupimwa potasiamu kwanza, na ikiwa chini mno insulini husubirishwa hadi potasiamu iongezwe. Upande wa pili, mkono ukifungwa kamba kwa muda mrefu, mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, au chupa ya damu ikikaa saa nyingi kabla ya kufika maabara, potasiamu hutoka kwenye seli na majibu yanasoma juu kuliko ukweli. Mtu mwenye upungufu anaweza kupewa karatasi inayosema yuko sawa.

Kuna na mwenzake anayesahaulika: magnesiamu. Ikiwa chini, figo zinaendelea kumwaga potasiamu hata ukiongeza vipi. Walevi wa pombe kali, wanaohara kwa muda mrefu na wanaomeza omeprazoli miaka nenda miaka rudi wako katika kundi hilo. Kwa mdundo ule wa Dessertenne, magnesiamu salfeti ya mshipani ndiyo tiba ya kwanza, hata kama kiwango cha magnesiamu ni cha kawaida. Ni dawa ileile ambayo wakunga wanaijua kwa kifafa cha mimba, kwa hiyo ipo hata katika hospitali nyingi za wilaya.

Je, basi kila mwenye moyo dhaifu aongezewe potasiamu? Hapa sayansi imetoa majibu mawili yanayoonekana kugombana. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya TIGHT-K, utafiti wa Uingereza na Ujerumani kwa wagonjwa 1,690 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Nusu waliongezewa potasiamu kila iliposhuka chini ya 4.5, kama wodi nyingi zilivyozoea. Nusu walisubiriwa hadi chini ya 3.6. Mdundo wa chemba za juu kuvurugika ulitokea kwa kiwango kinacholingana, kwa zaidi kidogo ya robo ya wagonjwa katika kila kundi. Mazoea ya miaka mingi yalikuwa gharama tupu. Mwaka uliofuata Denmark ikatoa POTCAST: watu 1,200 wenye mashine ya kushtua moyo iliyopandikizwa kifuani, wote potasiamu yao ikiwa 4.3 au chini. Kundi moja lilipandishwa hadi kati ya 4.5 na 5 kwa dawa na ushauri wa chakula. Katika kundi hilo 136 walipatwa na tatizo kubwa la mdundo, kulazwa au kifo, dhidi ya 175 katika kundi lililoachwa na tiba ya kawaida. Ugomvi unaisha ukitazama wagonjwa wenyewe. Wa Uingereza na Ujerumani walikuwa katika siku za baada ya upasuaji, na kilichohesabiwa ni chemba za juu. Wa Denmark walikuwa na moyo uliokwisha kuonekana kuwa na hatari ya mdundo wa kuua, wakafuatiliwa zaidi ya miaka mitatu, na damu yao ikapimwa tena na tena.

Kupimwa huko ndiko kiini cha jambo. Potasiamu iliyozidi nayo inaweza kuusimamisha moyo. Kloridi ya potasiamu ya mshipani haisukumwi kwa sindano hata siku moja; huchanganywa kwenye dripu na kuingia polepole, kwa kawaida si zaidi ya milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Makosa ya kuichanganya na vichupa vingine yaliua wagonjwa wengi kiasi kwamba onyo la kwanza kabisa la shirika linalokagua hospitali za Marekani, mwaka 1998, lilihusu dawa hiyo, na la kwanza la wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza, mwaka 2002, likaihusu pia. Hata chakula kina mpaka. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti mwanamume wa miaka 42 aliyezimia baada ya kucheza tenisi kwenye joto kali na kunywa chupa nane za maji ya nazi siku hiyo. Potasiamu ilikuwa imepanda hadi kuvuruga moyo wake.

Kwa mwenye figo nzima, hata hivyo, chakula cha kawaida ni salama na kinafaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban 420, kwa hiyo wanaodhani ndizi moja imemaliza kazi wanajidanganya. Parachichi, maharage, viazi na mchicha vinazidi, ilimradi maji ya kuchemshia mboga yasimwagwe, maana potasiamu huondoka nayo. Ugali wa sembe iliyokobolewa una kidogo sana. Huko China, utafiti wa vijiji 600 uliochapishwa mwaka 2021 ulibadilisha chumvi ya jikoni kwa ile iliyo na robo ya kloridi ya potasiamu, na kiharusi kikapungua kwa asilimia 14. Chumvi ya aina hiyo isimkaribie mwenye ugonjwa wa figo, wala anayemeza spironolaktoni, enalaprili au losatani bila daktari kujua.

Anayemeza dawa ya kukojoza apimwe potasiamu kabla ya kuanza, wiki chache baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye furosemaidi na digoksini kwa pamoja, mara nyingi zaidi. Akihara au kutapika, arudi kliniki na vidonge vyake vyote mkononi, asisubiri tarehe. Akizimia, au moyo ukienda mbio na kizunguzungu, au miguu ikikataa kunyanyuka, ni hospitali siku hiyohiyo. Na kwa wanaoendesha kliniki za presha: mashine ya presha iliyo mezani haioni potasiamu. Mtumeni mgonjwa maabara.